Tokeni za Shaba za Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka zaidi kwa watu wa aina mbili: aliyerithi kopo la sarafu asizozitambua, na aliyekwisha kununua mbili tatu mtandaoni na sasa anajiuliza kama kapunjwa. Tumeanza na mambo ya mwanzo na kuishia kwenye visa vya pembeni. Jambo likiwa limejibiwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Tokeni za biashara ni nini?

Ni vipande vya shaba vilivyopigwa chapa na watu binafsi, wenye maduka, migodi, viwanda na vilabu vya pombe, na wakati mwingine mamlaka za miji, vikatumika mahali pa chenji ya serikali. Nyingi zilikuwa za nusu peni, nyingine za robo peni, na chache za peni nzima. Hazina uhusiano na tokeni za umeme wala na sarafu za kidijitali.

Kwa nini serikali iliwaachia watu wajipigie pesa?

Kwa uzembe, kwa sehemu kubwa. Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme, ambacho zamani kilikuwa ndani ya Mnara wa London, kilijishughulisha na dhahabu na fedha. Shaba ilihesabiwa kuwa pesa ya watu wadogo. Baada ya 1775 kiwanda hicho hakikupiga nusu peni mpya kwa zaidi ya miaka 20. Na hiyo ndiyo miaka ambayo viwanda vilikuwa vikiota kila upande na kila mwenye kiwanda alihitaji pesa ndogondogo za kulipa ujira.

Pengo likajazwa na wagushi. Kiwanda cha Kifalme kilipochunguza nusu peni zilizokuwa mikononi mwa watu mwaka 1787, kiligundua kwamba takriban 8 tu katika kila 100 ndizo zilizofanana vya kutosha na sarafu halali. Mwaka huohuo Thomas Williams, mkubwa wa machimbo ya Parys kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales, akaanza kupiga peni zake mwenyewe. Shaba alikuwa nayo ya kumwaga: mlima wake ndio uliotoa mabamba ya kufunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza yasiliwe na viumbe wa baharini. Peni yake ilikuwa na uzito wa karibu wakia nzima, takriban gramu 28, na upande mmoja ilibeba kichwa cha kuhani mzee wa kale aliyezungushiwa majani ya mwaloni. Wakusanyaji huiita peni ya Druid.

Zilitumika vipindi gani?

Kuna mawimbi matatu, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni la 1648 hadi 1672. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa Januari 1649, utaratibu wa zamani wa robo peni ukafa naye, na wenye maduka wakajitegemea. Hizi ni ndogo, nyembamba, nyingi hazizidi upana wa kucha ya dole gumba. Zilikoma Charles wa Pili alipotoa shaba ya kifalme mwaka 1672.

La pili ni la 1787 hadi 1797, na ndilo tutakalolizungumzia zaidi hapa. Tokeni zake ni kubwa, nzito, za milimita 28 hadi 30 kwa nusu peni, na uchongaji wake mara nyingi unaishinda pesa ya mfalme. La tatu lilikuja karibu 1811, wakati wa vita na Napoleon, na likafungwa na sheria ya 1817. Lina tokeni za peni nyingi za viwanda, nzuri lakini kwa macho yangu zimepooza.

Zilikuwa pesa halali?

Hapana. Hakuna aliyelazimishwa kuzipokea. Ni ahadi: mwenye tokeni angeweza kuirudisha kwa aliyeitoa na kulipwa. Peni ya Anglesey imeandikwa ubavuni, yaani kwenye unene wa ukingo wake, kwamba italipwa London, Liverpool au Anglesey, kwa yeyote atakayeidai. Nguvu yake yote ilikuwa katika jina la mdhamini, na ndiyo maana maandishi ya ubavuni yana uzito (tazama *Ubavu wa sarafu una maana gani?*).

## Kuitambua uliyo nayo

Conder ni nani, mbona jina lake liko kila mahali?

James Conder alikuwa muuza vitambaa wa Ipswich aliyechapisha orodha ya tokeni hizi mwaka 1798. Hakuwa wa kwanza kutoa orodha, lakini yake ilikubalika hadi Waingereza na Wamarekani wakaziita tokeni zote za wimbi la pili kwa jina lake. Muuzaji akikuambia ana "Conder", anamaanisha tokeni ya miaka ya 1787 hadi 1797.

Namba kama "Middlesex 342" au "D&H" maana yake nini?

D&H ni Dalton na Hamer, waliotoa orodha yao kubwa kwa mafungu kati ya 1910 na 1918. Mpaka leo hiyo ndiyo msahafu wa fani. Wamepanga tokeni kwa kaunti, na namba huanza upya kila kaunti, kwa hiyo namba peke yake bila jina la kaunti haikusaidii kitu. Middlesex ndiyo yenye London, basi ndiyo nene kuliko zote.

Tatizo: kaunti waliyoipangia tokeni si lazima iwe mahali ilipotumika, na nyingi hazikuwa na mahali hata pamoja.

Ubavu wa sarafu una maana gani?

Ukichukua ushauri mmoja tu kutoka hapa, chukua huu: usinunue tokeni kwa kutazama picha za mbele na nyuma peke yake. Omba maandishi ya ubavuni.

Tokeni mbili zinaweza kufanana kama pacha usoni, moja imeandikwa ubavuni kwamba inalipwa kwa fulani mjini Norwich, nyingine haina kitu. Ya kwanza ina mdhamini. Ya pili pengine ilitoka kwenye karakana ya Birmingham kwa mtu aliyetaka kuisukumia sokoni bila kuwajibika. Ziko hata zilizoandikwa kwamba zinapokelewa kila mahali, na hapo ujue hakuna wa kuzilipa. Katika D&H tofauti za ubavu hupewa herufi ndogo baada ya namba, na herufi hiyo inaweza kugeuza tokeni ya bei ya chai kuwa ya bei ya godoro.

Za karne ya 17 nazisomaje?

Anza na jina la mtu upande mmoja na la mji au mtaa upande wa pili. Katikati kuna alama ya kazi: mishumaa, samaki, mkate wa sukari, kichwa cha Mturuki kwa baadhi ya mikahawa ya kahawa. Mara nyingi utaona herufi tatu zilizopangwa pembetatu. Ya juu ni ya jina la ukoo, na mbili za chini ni za mume na mke. Mke alikuwa mshirika wa duka na herufi yake imo kwenye pesa. Wajane walitoa tokeni kwa majina yao wenyewe pia.

Zile za mitaa ya London iliyoteketea kwenye Moto Mkuu wa 1666 zina wapenzi wengi. Duka liliungua, mtaa uliungua, kilichobaki ni robo peni.

## Uadimu

Nini huifanya tokeni iwe adimu?

Swali linalofaa ni: adimu *kwa nini*? Kuna uadimu wa aina mbili, na muuzaji mwerevu hatakutofautishia.

Aina ya kwanza ni ya bahati. Mwenye duka wa mji mdogo aliagiza kidogo, zikatumika, zikachakaa, zikayeyushwa. Zilizobaki ni chache kwa kuwa maisha yalizipitia.

Aina ya pili ilitengenezwa makusudi. Kufikia 1795 ukusanyaji ulikuwa homa. Waheshimiwa walifuatilia kila tokeni mpya, na wapigaji chapa wakaona biashara. Peter Kempson wa Birmingham alitoa mifululizo ya majengo ya Coventry, Birmingham na London iliyolenga makabati ya wakusanyaji kuliko mifuko ya wachuuzi. Peter Skidmore wa London alifanya vivyo hivyo. Wengine walipiga vipande vichache, wakaviuza kwa bei kali, kisha wakaharibu chapa, yaani mihuri ya kupigia, ili visiongezeke.

Vitu hivi ni vya kale kweli na ni adimu kweli. Lakini havikununua hata kipande cha mkate. Mimi ningechukua nusu peni iliyochakaa ya muuza viungo asiyejulikana kabla ya kipande king'aacho kilichozaliwa adimu. Si kila mtu anakubaliana nami, na minada haikubaliani nami kabisa.

Tokeni chotara ni zipi?

Ni zile zilizounganisha chapa mbili zisizohusiana: mbele ya mji mmoja, nyuma ya mwingine. Nyakati nyingine ni bahati mbaya ya karakana. Mara nyingi zaidi ni ujanja. Ukiwa na chapa 10 za mbele na 10 za nyuma unaweza kupata tokeni 100 tofauti bila kuchonga kitu kipya, na mkusanyaji anayetaka kila aina atakulipa 100. Wakusanyaji wa wakati ule walilalamika, na waliendelea kununua.

RRR maana yake haipatikani kabisa?

Ni makadirio ya wakati wa Dalton na Hamer, miaka mia moja na zaidi iliyopita. Herufi R inavyorudiwa ndivyo uadimu unavyozidi. Tangu hapo makusanyo mengi yameuzwa, mengine yamevunjwa, na tokeni kadhaa zilizodhaniwa adimu zimejitokeza kwa wingi. Tumia herufi hizo kama fununu, kisha linganisha na matokeo ya minada ya miaka ya karibuni.

Mbona tokeni adimu ninayoijua ni nafuu kuliko ya kawaida?

Kwa sababu bei hufuata wanaoitaka, si idadi peke yake. Tokeni ya Lady Godiva wa Coventry, bibi wa hekaya aliye uchi juu ya farasi, ilipigwa kwa wingi tangu 1792, lakini kila mtu anaitaka. Tokeni ya mwenye duka wa kijijini yenye maandishi matupu inaweza kuwa na nakala chache mno na wanunuzi wachache zaidi.

Nianze na zipi?

Druid ya Anglesey, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa yote na inapatikana. Kisha John Wilkinson, mfua chuma tajiri aliyejiweka mwenyewe mahali pa mfalme: sura yake mbele, cheo chake cha mwenye chuma kimeandikwa kando, na majina ya viwanda vyake ubavuni. Watu walimcheka sana wakati ule. Halafu Godiva. Ukipenda wanyama, tafuta za Gilbert Pidcock, aliyekuwa akionyesha tembo, kifaru na ng'ombe mwenye vichwa viwili katika jengo la Exeter 'Change, barabara ya Strand, London.

Baada ya hapo chagua njia moja: kaunti, kazi, wanyama, meli, siasa. Anayekusanya kila kitu huishia kuwa na kopo tu.

## Siasa na utumwa kwenye shaba

Ni kweli kuna tokeni za kupinga utumwa?

Ndiyo, na ni miongoni mwa zinazotafutwa sana. Upande mmoja kuna Mwafrika aliyepiga goti amefungwa minyororo, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu; picha hiyo ilitoka kwenye nishani ya mfinyanzi Josiah Wedgwood ya 1787. Upande wa pili mikono miwili imeshikana, na maandishi yanaomba utumwa na dhuluma vikome duniani kote. Kuna aina kadhaa, za nusu peni na peni, zenye bavu tofauti.

Iweke mezani karibu na Druid. Thomas Williams, yuleyule wa Anglesey, alipeleka ombi Bungeni mwaka 1788 kupinga muswada wa kudhibiti meli za watumwa, kwa sababu viwanda vyake viliishi kwa kutengeneza bidhaa za shaba za biashara hiyo kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Katalogi nyingi humsifu kwa pesa zake nzuri na kuishia hapo.

Thomas Spence alikuwa nani?

Mwalimu kutoka Newcastle aliyehamia London na kuuza vitabu na tokeni katika duka lake la mtaa wa Little Turnstile. Alitaka ardhi yote iwe mali ya parokia, si ya mabwana. Mwaka 1794 alifungwa miezi saba bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka akageuza tokeni kuwa vijikaratasi vya siasa visivyochanika: mateka, ng'ombe, paka, wakulima, punda waliobebeshwa kodi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwarushia wapita njia kutoka dirishani.

Wapinzani wa siasa hizo nao hawakulala. Ziko tokeni zinazoonyesha mtu ananing'inia kwenye mti wa kunyongea, zikimlenga Thomas Paine, mwandishi aliyetetea mapinduzi.

Spence naye aliunganisha chapa zake hovyo, kwa hiyo uliyoyasoma kuhusu chotara yanamhusu. Kwake mimi nasamehe: alihitaji nauli ya mapambano.

## Kununua

Nitazipata wapi, na kwa bei gani?

Wauzaji na nyumba za mnada za London ndizo zenye chaguo kubwa: Spink, Baldwin's, Noonans. Zote huuza mtandaoni. Nusu peni ya kawaida iliyochakaa hupatikana kwa pauni chache; ileile ikiwa imetunzwa vizuri ni makumi ya pauni; adimu zinazotakiwa hufika mamia na maelfu. Mnadani usisahau ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo: mara nyingi ni moja ya tano au zaidi.

Zinaweza kutumwa Dar es Salaam au Nairobi?

Zinaweza. Omba usafirishaji wa kufuatiliwa, na muuzaji aandike thamani ya kweli na maelezo sahihi: sarafu za kale za mkusanyaji. Kabla ya kununua kitu kikubwa, muulize wakala wa forodha wa kwenu utatozwa nini. Anayekuahidi kuandika "zawadi, dola tano" anakutafutia matatizo, na kifurushi kikipotea fidia yako itakuwa hizohizo dola tano.

Nitajuaje kama ni bandia?

Kwanza uliza: bandia ya lini? Tokeni maarufu ziligushiwa wakati uleule zilipotumika. Druid, Wilkinson na zile za Camac wa Dublin zina ndugu zao wepesi, wenye sura za kuvimba na herufi zilizokwenda upande. Hizo ni sehemu ya historia na zina wanunuzi wake.

Za siku hizi ni jambo lingine. Pima uzito na kipenyo, linganisha na picha za minada, angalia mstari wa kiungo ubavuni unaoonyesha kipande kimesubiwa badala ya kupigwa chapa. Vijishimo vya mapovu usoni ni dalili mbaya.

Kuna na kundi la katikati. Katika karne ya 19 W. J. Taylor wa London alinunua chapa za zamani za kiwanda cha Soho, Birmingham, akazipiga upya. Chapa ni ya kweli, shaba ni ya baadaye. Muuzaji mwaminifu husema.

## Kutunza

Niisafishe kwa ndimu, majivu au dawa ya vyombo?

Usifanye. Usiguse na Brasso. Rangi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka 200 ndiyo ngozi ya tokeni, na ikishaondoka hairudi. Kipande kilichong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei, na mtaalamu hukitambua kwa mbali. Mafuta na uchafu laini vinaweza kutolewa kwa asitoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto. Zaidi ya hapo iache.

Naishi Mombasa. Hewa ya bahari itaziharibu?

Itajaribu. Chumvi na unyevu ndio adui wakubwa wa shaba, na pwani unavyo vyote. Weka kila tokeni kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, kisha zote kwenye chombo kinachofunga kabisa pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo uvikaushe au uvibadilishe mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya mpira: hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani. Shika ubavuni, kwa vidole vikavu.

Ukiona unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta, itenge tokeni hiyo na nyingine siku hiyohiyo. Hiyo ni kutu inayokula, tofauti na madoa magumu ya kijani yaliyotulia.

## Visa vya pembeni

Marehemu babu alikuwa baharia, ameacha kipande kikubwa kizito cha 1797 chenye George wa Tatu. Ni tokeni?

Hapana, hiyo ndiyo iliyozimaliza tokeni. Matthew Boulton, mwenye mashine za mvuke za kupigia sarafu huko Soho, alipata mkataba wa serikali mwaka 1797 akapiga peni za wakia moja na peni mbili za wakia mbili, zenye kingo pana zilizoinuka. Awali mashine hizo zilikuwa zikipiga tokeni kwa ajili ya wateja binafsi. Kama imetulia mfukoni kama jiwe, yaani gramu 56 hivi, ni peni mbili. Zilipigwa nyingi, nzuri zisizogongwa kingo ndizo chache.

Sarafu yangu inafanana na ya mfalme lakini maneno hayaeleweki. Kosa la kiwanda?

Si kosa. Wagushi wa karne ya 18 waliweka kichwa kama cha mfalme na mwanamke kama Britannia, yule wa nyuma ya sarafu halali, kisha wakaandika mengine, kama "George Rules" badala ya cheo cha mfalme. Wakikamatwa wanasema hawakuiga sarafu halali. Mnunuzi asiyejua kusoma alipokea bila kuuliza.

Kuna uhusiano wowote na sarafu za Mombasa za mwaka 1888?

Upo, kwa njia ya mitambo. Kiwanda cha Soho kilipopigwa mnada mwaka 1850, mashine zake kadhaa zilinunuliwa na familia ya Heaton ya Birmingham, walioanzisha nazo kazi ya kupiga sarafu. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopiga rupia ya fedha ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye jina la Mombasa, mwaka 1888 na herufi ndogo H.

Nina tokeni ya New York katika lundo la Kiingereza. Imefikaje?

Pengine haikusafiri. Tokeni za wafanyabiashara Talbot, Allum na Lee wa New York, za 1794 na 1795, zilipigwa Birmingham, na chapa zao zikaunganishwa na za Kiingereza kuzaa chotara. Zilizofika Marekani hazikuwa na bahati: kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilinunua maelfu yake kikazikata kuwa vipande vya kupigia nusu senti. Nusu senti ya 1795 yenye mabaki ya tokeni chini yake huuzwa kwa bei nzuri.

Aliyechimbua tokeni shambani Uingereza anaweza kuniuzia?

Kipande kimoja kimoja, kwa kawaida ndiyo, kama mwenye shamba ameridhia. Lakini sheria ya 1996 ya hazina zinazochimbuliwa ardhini, inayohusu England, Wales na Ireland ya Kaskazini, inahesabu tokeni kama sarafu. Zikipatikana 10 au zaidi pamoja, na zina umri wa miaka 300, ni lazima zitolewe taarifa kwa mamlaka ndani ya siku 14. Za karne ya 17 zinaingia humo. Scotland ina sheria zake. Vitu vya kale vilivyotoka ardhini vinaweza kuhitaji kibali cha kutoka nchini pia, basi muombe muuzaji karatasi.

Yangu imetobolewa tundu. Haina thamani tena?

Kwa mkusanyaji wa kawaida imeshuka sana. Kama ni aina adimu mno, bado ina mnunuzi. Usizibe tundu. Na kama imekuja na kijikaratasi cha duara chenye mwandiko wa zamani, kitunze pamoja nayo: hicho ni cheti cha kabati ilimotoka, na kuna wanaolipa zaidi kwa ajili ya karatasi kuliko kwa ajili ya shaba.